Presha ya mvuke kwenye tanki la oksijeni kimiminika hospitalini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mafundi sanifu wa vifaa tiba, mafundi wa karakana za hospitali na wasimamizi wa zamu wanaolinda tanki la oksijeni kimiminika. Mfano mmoja unatumika kote: tanki la wima la lita 10,000, presha ya juu kabisa inayoruhusiwa bar 17, regulata ya kuongeza presha imewekwa bar 10, ekonomaiza (valvu inayopeleka mvuke uliozidi kwenye matumizi) bar 11, na mabomba ya wodini yanapokea bar 4. Kama tanki lako lina namba nyingine, fuata zilizogongwa kwenye kibati chake. Presha zote ni za kusoma kwenye geji, isipokuwa pale tunaposema vingine.

## Misingi

1. Hakuna pampu wala kompresa. Presha inatoka wapi?

Inatoka kwenye joto. Oksijeni huchemka kwenye nyuzijoto -183, na nje kuna nyuzi 30. Tanki ni chombo ndani ya chombo: cha ndani ni chuma cha pua, cha nje ni chuma cha kawaida, na nafasi ya katikati imejazwa unga mwepesi wa perlaiti kisha ikavutwa hewa hadi likabaki ombwe. Ulinzi huo ni mzuri sana, ila haukamiliki. Joto hupita kwenye mabomba, kwenye vishikizo vya chombo cha ndani, na kidogo kwenye perlaiti yenyewe.

Ni joto kiasi gani? Chukua tanki linalopoteza asilimia 0.3 ya ujazo wake kwa siku. Hizo ni lita 30, yaani kilo 34. Kila kilo inahitaji kilojouli 213 hivi ili igeuke mvuke. Ukigawa kwa sekunde za siku nzima unapata wati 84, hata balbu ya zamani ya wati 100 haifiki. Lakini balbu hiyo haizimwi mchana wala usiku, na kila lita moja ya kimiminika ikishakuwa gesi ya joto la kawaida inataka nafasi ya lita 860. Mvuke usipopata pa kwenda, presha hupanda.

2. Geji inasoma bar 10. Hiyo inaniambia nini kuhusu kimiminika kilichomo?

Inakuambia joto la ngozi ya juu ya kimiminika, basi. Pale mvuke unapogusana na kimiminika, presha na joto vinakwenda pamoja: kwenye presha ya hewa ni nyuzi -183, kwenye bar 4.4 ni karibu -163, na kwenye bar 9 na kitu ni karibu -153.

Kosa linalorudiwa ni kudhani kwamba kimiminika chote kina joto hilo. Kimiminika kilichopata joto ni chepesi, kwa hiyo hupanda na kutanda juu, huku cha baridi kikibaki chini. Tanki lililojazwa jana linaweza kusoma bar 10 wakati sehemu kubwa ya oksijeni bado iko kwenye nyuzi -175. Tofauti hii ndiyo siri ya mambo mengi yatakayokuja: presha inayoanguka ghafla wakati wa kujaza (swali la 14), na presha inayorudi muda mfupi baada ya kupunguzwa kwa mkono (swali la 8).

3. Kwa nini tanki likae bar 10 wakati wodi zinataka bar 4 tu?

Kwa sababu presha ya tanki ndiyo inayosukuma kimiminika hadi kwenye veporaiza (mabomba yenye mapezi yanayokigeuza gesi kwa joto la hewa), ikaivusha gesi kwenye valvu na vichujio, na bado ikaiachia regulata ya mwisho akiba ya kufanyia kazi. Tanki likikaa bar 5 mabomba yatapata bar 4 saa za utulivu, kisha yataishiwa nguvu pale wodi ya wagonjwa mahututi inapofungua mashine zote kwa pamoja. Ukiliweka bar 15, umebaki na bar 2 tu kabla ya valvu ya usalama kufunguka, na kila usiku wenye matumizi madogo utamwaga oksijeni uliyoilipia.

4. Ni vitu gani hasa vinavyodhibiti presha?

Ni vitatu. Mzunguko wa kuongeza presha hufanya kazi presha ikiwa chini (swali la 5). Ekonomaiza hufanya kazi presha ikizidi kidogo (swali la 6). Valvu za usalama na diski za kupasuka (vibamba vyembamba vinavyopasuka presha ikizidi mno) hufanya kazi pale viwili vya kwanza vinaposhindwa, au tanki lisipotumika (maswali ya 9 na 12). Vyote vinaendeshwa na springi na presha ya tanki lenyewe, bila waya hata mmoja.

## Kupandisha na kushusha

5. Mzunguko wa kuongeza presha unafanyaje kazi, na nauwashaje?

Chini ya tanki kuna koili ya mabomba yenye mapezi ya alumini. Kimiminika hutoka kwenye sakafu ya chombo cha ndani, hushuka kwenye koili, hupata joto la hewa, hugeuka mvuke, kisha mvuke huo hupanda kwa bomba jingine na kuingia juu ya tanki. Kinachosukuma ni uzito wa kimiminika kilichosimama juu ya koili. Tanki likibaki na asilimia 15, msukumo nao umepungua, na koili iliyokuwa ikitosha wiki iliyopita inaanza kuchoka.

Kazi yenyewe si kubwa. Ukitoa lita 100 za kimiminika kwenye bar 9 au 10, nafasi iliyobaki inajazwa na mvuke unaotokana na takriban lita 4 za kimiminika.

Kuuwasha: hakikisha geji ya presha na ya ujazo zote zinasoma. Fungua polepole valvu ya kimiminika inayoingia kwenye koili, halafu ile ya kutoka kwenye regulata kwenda juu ya tanki. Baada ya dakika chache koili itaanza kuvaa barafu nyeupe kuanzia upande wa kuingilia. Presha itapanda taratibu na kusimama kwenye bar 10, na barafu itaacha kukua. Barafu ikiendelea kukua baada ya bar 10 kupita, regulata haifungi. Nenda swali la 10.

6. Ekonomaiza ni ya nini? Na kwa nini isiwekwe bar 10 sawa na regulata ya kuongeza presha?

Ekonomaiza inaokoa mvuke ambao ungetupwa. Presha ikipita bar 11, inafungua njia kutoka juu ya tanki kwenda kwenye bomba la matumizi, na wodi zinatumia mvuke huo kwanza kabla ya kuvuta kimiminika. Presha ikishuka chini ya bar 11 inajifunga, na matumizi yanarudi kwenye kimiminika.

Ukiziweka zote bar 10, zitapigana: moja inavukiza kimiminika ili ipandishe presha, nyingine inautoa mvuke huohuo ili iishushe. Dalili yake ni koili ya kuongeza presha iliyojaa barafu saa zote hata hospitali ikiwa kimya. Acha pengo la bar 1 au zaidi kidogo. Baadhi ya matanki yana kifaa kimoja chenye kazi zote mbili, na hapo pengo limeshapangwa kiwandani, wewe unageuza skrubu moja tu.

7. Narekebishaje regulata bila kuharibu?

Soma kwanza presha na uiandike. Legeza nati ya kufungia, geuza skrubu robo mzunguko, kisha subiri. Kwa regulata nyingi za springi, kukaza kunapandisha na kulegeza kunashusha. Subiri angalau nusu saa, kwa sababu tanki la lita 10,000 halijibu haraka kama mtungi wa gesi ya kupikia. Fundi asiye na subira hugeuza mzunguko mzima, haoni kitu, anageuza tena, halafu saa mbili baadaye anaitwa kwa sababu valvu ya usalama inafoka.

Jambo jingine: kulegeza regulata ya kuongeza presha hakushushi presha iliyopo. Kunazuia tu isiongezwe. Kuishusha ni kazi ya matumizi, ya ekonomaiza, au ya kutoa mvuke kwa mkono.

8. Nashushaje presha kwa mkono, na kwa nini inarudi upesi?

Toa mvuke kupitia valvu ya kutolea mvuke iliyo juu ya tanki, usitumie valvu ya usalama wala ya kimiminika. Vaa glovu za ngozi zisizobana, ngao ya uso na nguo za mikono mirefu zisizo na grisi. Hakikisha hakuna injini, jiko wala mvutaji sigara karibu, na angalia upepo unakokwenda. Mvuke wa baridi ni mzito: unatambaa chini na kutafuta mitaro na vyumba vya chini. Fungua kidogo na simama palepale hadi umalize. Valvu iliyoachwa wazi muda mrefu inaweza kuganda na kukataa kufunga.

Sasa kuhusu kurudi. Ikiwa ni ngozi ya juu tu iliyopata joto, presha itashuka haraka na kukaa. Ikiwa kimiminika chote kimepata joto, utatoa dakika tano, geji itashuka, na ukifunga inarudi karibu ilipokuwa, kwa sababu kimiminika kinaendelea kuchemka. Kuishusha tani 8 za oksijeni iliyopata joto lote kutoka bar 15 hadi bar 10 kunagharimu zaidi ya kilo 500 za gesi, sawa na mitungi mirefu ya wodini zaidi ya 50. Mara nyingi ni heri kuongeza matumizi, au kuagiza mzigo mpya wa baridi ujazwe kwa juu, kuliko kuimwaga hewani.

## Presha inapanda

9. Valvu ya usalama inapiga mluzi kila usiku. Ni hitilafu?

Inawezekana ni hesabu tu ya matumizi. Zile lita 30 za swali la 1 ni mita za ujazo 26 hivi za gesi kwa siku, yaani karibu lita 18 kwa dakika. Ikiwa kila dakika ya siku kuna wagonjwa wawili wanaovuta lita 10 kila mmoja, na ekonomaiza inafanya kazi, tanki la mfano halina sababu ya kufoka. Likihudumia mgonjwa mmoja wa lita 3, litafoka, na halina ugonjwa wowote.

Hili liko kwenye hospitali zilizofungiwa tanki kubwa wakati wa UVIKO-19 na sasa zina matumizi ya kawaida. Tanki ni zima, ila ni kubwa kuliko kazi yake. Dawa yake ni kuhakikisha ekonomaiza iko wazi na imewekwa sawasawa, kuzima mzunguko wa kuongeza presha usiku kama matumizi ni madogo sana, na kupeleka idara zaidi kwenye mabomba hayo badala ya kuziachia mitungi. Ukiuzima mzunguko, iandikwe kwenye kitabu cha zamu na mtu atajwe wa kuuwasha asubuhi.

10. Presha inapanda hata wodi zikitumia sana. Naanzia wapi?

Anzia kwenye koili ya kuongeza presha, maana ndiyo mkosaji wa mara kwa mara. Funga valvu ya kimiminika inayoingia kwenye koili na uache nyingine kama zilivyo. Presha ikiacha kupanda, regulata haifungi: kuna uchafu au barafu kwenye kiti chake, au diaframu (utando wake wa ndani) imechoka. Ibadilishwe kwa kifaa kilichosafishwa kwa kazi ya oksijeni, hakuna njia ya mkato.

Ikiendelea kupanda, angalia ekonomaiza. Shika bomba lake ukiwa na glovu wakati wodi zinavuta na presha imepita bar 11. Bomba lenye joto la kawaida halipitishi kitu, huenda kuna valvu ya mkono iliyofungwa na mtu aliyekuwa akitafuta uvujaji. Ekonomaiza ikiwa nzima, swali linalobaki ni ombwe.

Angalia na ujazo pia. Joto linaloingia halipungui sana tanki linapokuwa na kimiminika kidogo, lakini kimiminika cha kulibeba kimepungua. Kwa hiyo tanki lililobaki na asilimia 20 hupandisha presha upesi kuliko lililo robo tatu.

11. Nitajuaje kwamba ombwe limeharibika?

Ganda la nje linakwambia. Tanki zima lina joto la hewa ya siku hiyo. Jasho au barafu kwenye mabomba yanapotokea ni kawaida. Barafu kwenye mwili wa tanki, doa moja lisilokauka hata saa nane mchana, maana yake perlaiti imeshuka na kuacha uwazi pale, au ombwe linaondoka. Jasho kwenye mwili mzima ni habari mbaya zaidi.

Ushahidi wa namba ni bora kuliko macho. Andika presha na ujazo saa zilezile mara mbili kwa siku. Tanki ambalo mwaka jana, kwa matumizi yaleyale, lilikuwa halifoki na sasa linafoka kila siku linaingiza joto zaidi. Kipimo cha ombwe chenyewe kina mlango wake maalumu kwenye ganda, na usiufungue bila geji sahihi mkononi, kwa sababu hewa ikiingia humo tanki limekuwa sufuria. Juu ya ganda la nje kuna kifuniko kinachokaa kwa ombwe tu na kuinuka kama chombo cha ndani kikivuja. Ukikikuta kimeinuka, usikirudishe. Hamishia hospitali kwenye mitungi ya akiba na umwite msambazaji.

12. Valvu ya usalama inavuja chini ya presha yake. Naweza kuifunga kwa muda?

Hapana. Usiikaze springi, usiweke kizibo, usigonge kwa nyundo ili ikae.

Njia sahihi ipo tayari. Matanki mengi ya hospitali yana valvu ya njia tatu yenye pande mbili, kila upande una valvu yake ya usalama na diski yake ya kupasuka. Geuza mpini hadi mwisho kuelekea upande mzima, usiuache katikati. Subiri presha iliyonaswa upande wa zamani itoke, kisha fungua valvu mbovu na uweke mpya yenye namba ileile ya bar na iliyosafishwa kwa oksijeni. Pima uvujaji kwa maji maalumu ya kupimia oksijeni, maana sabuni nyingi za kufulia zina mafuta, na mafuta na oksijeni havikai nyumba moja. Mwachie anayefuata zamu maandishi ya upande unaotumika.

Mara nyingine valvu imegandia tu: ilifoka, unyevu wa hewa ukaganda kwenye kiti, ikashindwa kukaa. Mwagia maji safi ya uvuguvugu kwenye mwili wake, usielekeze kwenye tundu la kutokea. Usitumie moto wala bisibisi.

## Presha inashuka

13. Saa za matumizi makubwa presha inaanguka hadi bar 6. Kwa nini?

Kwa kawaida koili ya kuongeza presha haiwahi kasi ya matumizi. Ikague kwa macho: ikiwa imegeuka bonge la barafu, hewa haigusi tena mapezi. Liyeyushe kwa maji mengi safi. Halafu tazama ujazo (swali la 5), na valvu za mkono za mzunguko, kwani mara nyingi moja iko nusu wazi.

Usisahau kinyume chake: ekonomaiza iliyokwama wazi. Hiyo huendelea kutoa mvuke hata presha ikiwa chini ya bar 11, na koili inapandisha huku mwenzake anashusha. Funga kwa muda valvu ya mkono ya ekonomaiza. Presha ikianza kupanda, umempata.

14. Lori limejaza, presha ikaanguka kutoka bar 10 hadi bar 5. Dereva amekosea?

Amejaza kwa juu kupita kiasi. Lori lina njia mbili za kuingizia tanki. Ya juu inanyunyiza kimiminika baridi ndani ya mvuke, mvuke unageuka kimiminika papo hapo, na presha inaanguka. Ya chini inainua kimiminika kilichomo, mvuke unabanwa juu kama hewa kwenye pampu ya baiskeli, na presha inapanda.

Dereva mzoefu anasimama na mikono kwenye valvu zote mbili na macho kwenye geji ya tanki. Anaanza kwa juu. Sindano ikishuka chini ya bar 10, anafungua ya chini kidogo, ikipanda, anairudisha. Akimaliza, sindano iko karibu palepale ilipokuwa na hakuna mvuke uliotupwa. Asiyejali anafungua ya juu peke yake kwa sababu presha ikishuka pampu yake inafanya kazi nyepesi na anaondoka mapema. Hospitali inabaki na tanki lililojaa lisiloweza kusukuma, na koili itafanya kazi saa kadhaa kuirudisha presha. Fundi wa zamu akae pale kwenye geji hadi mwisho, na anaweza kumwambia dereva, kwa heshima zote, apunguze ya juu.

Kimoja zaidi cha kumwangalia: sakafu ya kujazia iwe zege. Oksijeni kimiminika ikimwagikia lami, lami hiyo inaweza kulipuka kwa kukanyagwa tu.

15. Kwa nini tusijaze hadi asilimia 100 tukapunguza safari za lori?

Kwa sababu kimiminika hiki hutanuka sana. Lita 9,500 zilizoingia kwenye nyuzi -183 zikipata joto la nyuzi 11 tu zinajaza lita 10,000 zote, na juu hakuna tena mvuke wa kubanwa. Baada ya hapo joto dogo linapandisha presha kwa kasi ya kutisha, na kinachotoka kwenye valvu ya usalama ni kimiminika. Ndiyo maana kuna kivalvu kidogo ambacho bomba lake la ndani linaishia kwenye asilimia 95: kikianza kutema kimiminika badala ya mvuke, kujaza kunaishia hapo. Kiamini hicho kuliko geji ya ujazo, ambayo hupima uzito wa kimiminika na kudanganyika joto linapobadilika.

16. Umeme ukikatika presha itakuwaje?

Hakuna kitakachobadilika kwenye tanki. Kinachozimika ni kisoma-mbali kinachotuma takwimu kwa msambazaji na ving'ora visivyo na betri. Kwa hiyo wakati wa giza mtu aende kusoma geji kwa tochi kila saa.

## Hali za pembeni

17. Nimefunga valvu mbili kwenye bomba la kimiminika ili nitengeneze kitu katikati. Kuna hatari?

Kubwa. Kimiminika kilichonaswa kati ya valvu mbili kitapata joto la hewa ndani ya dakika chache, na kwa kuwa hakina pa kutanukia, presha inaweza kufika mamia ya bar na kupasua bomba. Kila kipande cha bomba kinachoweza kufungwa pande mbili lazima kiwe na valvu yake ndogo ya usalama. Kabla ya kufunga ya pili, ifuate njia kwa kidole na uione valvu hiyo. Usipoiona, usifunge.

18. Diski ya kupasuka imepasuka. Nifanye nini?

Geuza valvu ya njia tatu kwenda upande wa pili mara moja, ukiwa na glovu na ngao, na ukipita upande ambao mvuke hauelekei. Diski haijifungi kama valvu: ikishapasuka itatoa hadi presha iishe. Mara nyingi wodi zitakuwa zimeshahamia kwenye mitungi ya akiba zenyewe, thibitisha. Kisha jiulize kwa nini valvu ya usalama, ambayo hufunguka kabla ya diski, haikufunguka. Usipojibu hilo, umebadilisha diski bure. Nguo zilizolowana mvuke zipunge hewani angalau dakika 15 kabla hujakaribia moto wa aina yoyote.

19. Tanki la Nairobi na la Mombasa zinahitaji mipangilio tofauti?

Presha, hapana. Nairobi presha ya hewa ni ndogo, na oksijeni iliyo wazi huchemka nyuzi 2 hivi chini zaidi. Lakini geji na valvu za usalama hupima tofauti na hewa iliyopo nje, na kwenye bar 10 tofauti hiyo haina uzito.

Tofauti ya kweli ni unyevu na chumvi. Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, koili na veporaiza huvaa barafu nene upesi, hivyo veporaiza mbili zinazopokezana zinahitaji zamu fupi kuliko za bara. Na hewa ya bahari inakula springi na skrubu za valvu za usalama. Zikague mapema kuliko ratiba.

20. Tuna mitungi ya naitrojeni ya kuhifadhia mbegu za uhimilishaji. Nayo inadhibitiwa hivi?

Hapana, na kuichanganya na tanki la presha ni hatari. Mitungi inayotumiwa na wahimilishaji, iwe ni ya kituo cha taifa cha uhimilishaji cha Usa River, Tanzania, au ya Kabete, Kenya, ni ya wazi: kifuniko kinakaa juu ya shingo bila kubana, na mvuke unapita pembeni yake siku zote. Naitrojeni huchemka kwenye nyuzi -196 na lita moja hutoa karibu lita 700 za gesi. Ukikifunga kifuniko kwa mpira au gundi ili "isipotee", umetengeneza bomu.

Kiwango chake hupimwa kwa kijiti kikavu cha mbao: kizamishe hadi chini kwa sekunde kadhaa, kitoe, kipunge hewani, na soma mstari wa barafu. Ukiubeba kwenye gari, fungua madirisha, kwa sababu naitrojeni haina harufu na inafukuza hewa ya kupumua bila dalili.